Jua Unalo, Kilima Kakitafute: Vidokezo kwa Mkimbiaji wa Chekereni

Kila mwaka, Jumapili moja ya mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi, Moshi mjini hufurika wakimbiaji. Ndiyo siku ya Kilimanjaro Marathon, mbio zilizoanza mwaka 2003. Wengine hutoka Ulaya katikati ya majira yao ya baridi, ngozi haijaona jua la maana kwa miezi, wakapanda ndege usiku kucha kuja kukimbia barabara ambayo mtu wa Chekereni, huku chini kwenye mashamba ya mpunga, huifikia kwa nauli ya daladala.

Vidokezo hivi ni vya mtu huyo wa Chekereni: mkulima wa mpunga, mwanafunzi aliyekimbia kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, kisha akaacha, mama mwenye genge, fundi baiskeli, mtumishi wa chuo cha kilimo cha KATC. Mwaka huu nataka mwingie barabarani, msiishie pembeni kupiga makofi. Nusu ya kinachotakiwa mnayo tayari. Joto mmelizoea, barabara tambarare ziko mlangoni. Kilichokosekana ni kilima, na mbio hizi huamuliwa kilimani.

1. Anza wakati wa baridi

Usisubiri Januari. Miezi ya Juni, Julai na Agosti, wingu linapolalia mlima siku nzima na watu wa Moshi wakatoa masweta kabatini, ndiyo miezi ya kujenga pumzi. Mwili haupambani na jua, kwa hiyo unaweza kwenda mbali bila kuchoka vibaya. Siku nne kwa wiki zinatosha: tatu za safari fupi, moja ya safari ndefu, na hiyo ndefu iongezwe kidogo kidogo kila wiki. Kila baada ya wiki tatu za kuongeza, wiki moja punguza, mifupa na mishipa ipate kushika.

Mwendo wa mazoezi haya upimwe kwa mdomo. Ukiweza kumsimulia mwenzako habari za jana bila kukatakata maneno, uko sawa. Ukianza kujibu "eh" na "mh" tu, umezidisha. Vijana wengi huharibikiwa hapa: kila siku wanakimbia kana kwamba kuna zawadi, na ikifika wiki ya tatu magoti yanauma, mazoezi yameishia hapo.

Asubuhi za baridi misuli huamka polepole. Tembea haraka dakika kumi kwanza, halafu ndipo uanze kukimbia. Vaa fulana mbili. Ya juu utaivua na kuifunga kiunoni.

2. Chagua umbali unaokufaa kweli

Kuna kilomita 42, kilomita 21 na kilomita 5. Kama hujawahi kushindana, kilomita 5 haina aibu yoyote. Watoto, wazee na familia nzima hukimbia pamoja, na utajifunza mwenyewe jinsi siku ya mbio inavyokwenda. Kama umekimbia mfululizo tangu Juni, nenda 21. Marathoni nzima iache hadi mwaka wa pili au wa tatu.

Uzijue pia njia zenyewe. Wa kilomita 21 hupanda barabara ya Mweka, hugeuka, hurudi mjini. Wa kilomita 42 huanza na nusu rahisi, wakitoka kwa barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam na kurudi, kisha hukabidhiwa Mweka wakati miguu imeshabeba kilomita ishirini na kitu. Ndiyo maana nasema marathoni isubiri.

Ukiwa umevuka miaka arobaini, au una sukari au presha, pita zahanati upimwe kabla hata ya kununua raba.

3. Kilima kiendee mwenyewe

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye mbio.

Mbio huanzia na kuishia uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika, kwenye mwinuko wa kama mita 830 kutoka usawa wa bahari. Kule juu, mahali pa kugeukia kwenye barabara ya Mweka, ni kama mita 1,150. Unapanda mita 320 katika umbali wa kilomita kumi hivi. Kwa wastani, kila mita mia moja unazokwenda zinakuinua mita tatu. Mita tatu! Mtu aliyekaa kwenye kiti huiona hesabu hiyo akasema ni kidogo. Lakini barabara haipandi kwa wastani. Kuna mahali inalala, kuna mahali inasimama, na inaendelea hivyo kwa saa nzima bila kukupa pa kushukia hadi mwisho. Mtu wa Chekereni ana ugumu mwingine: huku kwetu ni chini zaidi ya Moshi mjini, kama mita mia moja, na ardhi ya majaruba imesawazishwa ili maji yasimame. Unaweza kukimbia Chekereni miaka mitano na misuli ya nyuma ya paja isijue maana ya kupanda.

Kwa hiyo, kuanzia Septemba, kila Jumamosi ya pili panda daladala hadi mjini, shika barabara ya Mweka kwa miguu. Safari ya kwanza, tembea kupanda na kimbia taratibu kushuka. Ya pili, kimbia dakika tano, tembea dakika mbili. Ongeza hivyo hivyo hadi utakapoweza kupanda dakika arobaini bila kusimama. Ukichoshwa na Mweka, kuna Uru, kuna Kibosho, kuna njia ya Old Moshi kwenda Kidia. Mteremko wa Kilimanjaro haujawahi kupungukiwa na vilima.

Ukipanda, fupisha hatua. Mikono ifanye kazi, viwiko virudi nyuma. Kifua kiwe wazi, usijikunje kiunoni kama mtu anayeokota kitu, kwa sababu ukijikunja mapafu yanakosa nafasi. Macho yatazame mita kumi mbele. Ukiangalia kona ya juu kabisa, moyo unachoka kabla ya miguu. Na usijali kasi. Juu ya kilima pima juhudi: pumzi iwe ileile uliyokuwa nayo kwenye tambarare, hata kama watu wanakupita.

Nauli ikikosekana, fanya zoezi la kuchuchumaa na kusimama, na la kupanda juu ya benchi imara kwa mguu mmoja mmoja, mara tatu kwa wiki. Si badala ya kilima, lakini miguu haitashtuka sana siku ya siku.

4. Desemba, kamtembelee shangazi

Desemba watu wa Kilimanjaro hurudi nyumbani kutoka kila kona ya nchi, na barabara za juu hujaa magari. Kama una shangazi Uru, babu Kibosho au shemeji Marangu, huu ndio mwezi wa kwenda kukaa siku kadhaa kihambani. Amka kabla ya magari, panda, shuka, oga, kisha ungana na wengine kwenye sikukuu. Nyama kula. Mbege kunywa kama ni desturi yako, lakini usiku wa kuamkia safari ndefu iache ipite. Wiki mbili za kulala mlimani na kukimbia mlimani zitakupa kitu ambacho Chekereni haiwezi kukupa kwa miezi mitatu.

5. Jifunze kushuka

Watu hufundishana kupanda, kushuka wanamwachia Mungu. Kumbe maumivu ya Jumatatu hutoka kwenye kushuka. Ukishuka, misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ya breki: inavutwa huku ikijikaza, na kazi hiyo huichana nyuzi zake ndogo ndogo. Habari njema ni kwamba misuli inakumbuka. Ukiipitisha kwenye mteremko mara moja, ikaumia kidogo, ikapona, mara ya pili maumivu yanapungua, na kinga hiyo hudumu kwa wiki kadhaa. Hakikisha basi umeshuka Mweka kwa mbio angalau mara mbili kati ya Januari na katikati ya Februari. Hatua fupi, za haraka, mguu utue chini ya mwili, si mbele yake. Ukisikia raba zinapiga lami kwa kelele, unashuka vibaya.

6. Joto ni mali yako, itunze

Mwishoni mwa Februari Moshi huwa kwenye kilele cha joto. Mbio huanza asubuhi na mapema kwa sababu hiyo, lakini wa nusu marathoni anayekwenda taratibu atamaliza jua likiwa kali, na wa marathoni atalipata lote.

Hapa ndipo mgeni kutoka Ulaya anapopata shida, nawe unaanza kufaidi. Mwili uliozoea joto hutoa jasho mapema na kwa wingi zaidi, chumvi kidogo hupotea, maji ya damu huongezeka, na moyo haulazimiki kudunda kwa kasi ileile. Mabadiliko haya hujengeka ndani ya wiki moja hadi mbili za kufanya mazoezi kwenye joto. Mgeni anayefika siku mbili kabla ya mbio hana muda huo.

Lakini usijidanganye kwamba kuzaliwa Chekereni kunatosha. Anayekimbia alfajiri pekee, akashinda kivulini, amezoea alfajiri. Kuanzia katikati ya Januari, mara mbili kwa wiki toka saa tatu au saa nne asubuhi, safari fupi, mwendo wa pole, kofia kichwani. Zidisha kwa uangalifu. Kizunguzungu, kichefuchefu au mwili kusisimka kwa ubaridi wakati jua linawaka ni amri ya kusimama, kukaa kivulini na kujimwagia maji. Usiongeze hata mita mia.

Maji nayo yana kipimo. Kunywa ukisikia kiu, mafunda machache kila kituo, mengine mwaga kichwani na shingoni. Kujijaza maji lita baada ya lita kwa kuogopa kukauka ni hatari ya kweli: chumvi ya damu inazimuliwa, na mtu anaweza kuanguka akiwa na tumbo limejaa maji. Anayekimbia zaidi ya saa mbili apate na kitu chenye chumvi na sukari, si maji matupu.

7. Mbu hawajali ratiba yako

Majaruba ya mpunga ya Lower Moshi, yale ya mradi uliojengwa kwa msaada wa Japani miaka ya 1980, yametulisha. Pia yanazaa mbu, na mbu wa malaria huuma zaidi usiku hadi alfajiri, saa zilezile mkimbiaji anazopenda. Taiti ndefu na fulana ya mikono mirefu unapotoka saa kumi na moja, dawa ya kupaka kama unayo, na chandarua kila usiku bila kuruka. Ukipata homa, usiende "kuitoa kwa jasho". Nenda ukapimwe, umeze dozi yote, na usianze tena kukimbia hadi chakula kiwe kitamu mdomoni.

8. Kazi ya shamba ihesabu

Vitabu vya mazoezi huandikwa na watu wanaokaa ofisini. Havijui kwamba mtu aliyepandikiza mpunga kutwa, mgongo umepinda, miguu ndani ya tope, ameshafanya mazoezi. Siku ya namna hiyo usikimbie jioni ili kutimiza ratiba. Nyoosha mgongo, kula, lala. Safari ya baiskeli kutoka shambani hadi mjini nayo ihesabu, inajenga pumzi bila kuumiza magoti. Ukiona kazi kubwa ya shamba inagongana na wiki mbili za mwisho kabla ya mbio, panga mapema na ndugu au kibarua wa kukusaidia. Wiki mbili hizo mwili unatakiwa upumzike: punguza umbali kwa karibu nusu, wepesi wa miguu ubaki.

9. Pa kukimbilia

Tuta la mfereji ni zuri kuliko lami kwa magoti, na asubuhi lina hewa safi. Likilowa, tope lake jeusi linanata kwenye raba na kuzifanya nzito mara mbili. Siku hiyo liache. Barabara za vumbi za kuelekea Kahe na zile za upande wa mashamba ya miwa ya TPC zimenyooka na ni tambarare, nzuri kwa kujipima: chagua nguzo mbili, kimbia kati yake kwa nguvu, rudi ukitembea, rudia mara sita. Angalia matrekta yanayovuta matela ya miwa, dereva haoni vizuri nyuma ya vumbi lake.

Barabara kuu ya Dar es Salaam sikushauri. Ukilazimika, kimbia upande wa kulia uone magari yanayokujia, vaa nguo nyeupe, na acha vipokea sauti nyumbani. Mabasi ya alfajiri hayana subira.

Dada zangu, kimbieni wawili au watatu, na mwambieni mtu nyumbani njia mnayoshika. Maneno ya vijiweni yatakuwepo wiki ya kwanza. Ikifika ya nne, wale wale watakuwa wanauliza mbio ni lini.

10. Raba

Moshi kuna mitumba ya kutosha kule Memorial na Kiboriloni, na raba nzuri ya mtumba inashinda raba mpya ya bei rahisi. Ikamate, ikunje: ijikunje mbele, penye vidole, si katikati. Bonyeza soli ya kati kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, imekufa, hata kama juu inang'aa. Iweke mezani uitazame kwa nyuma. Iliyoegemea upande mmoja itakuvuta goti. Vidole vibaki na nafasi ya upana wa kidole gumba mbele, maana kushuka Mweka kutavisukuma vyote huko.

Nunua kabla ya Krismasi. Siku ya mbio usivae kitu chochote kipya, hata soksi.

11. Chakula

Hakuna siri. Wali tunaulima wenyewe, ndizi ziko juu tu hapo. Siku mbili kabla ya mbio ongeza wanga, punguza maharage, mafuta na kabichi, vitu vinavyokaa tumboni. Jioni ya mwisho kula mapema. Wali na samaki kidogo, au mtori laini usio na mafuta mengi, ni chakula cha mkimbiaji kabisa. Asubuhi, saa mbili au mbili na nusu kabla ya kuanza, uji au ndizi mbivu mbili na chai. Uwe umejaribu mchanganyiko huohuo kabla ya safari zako ndefu, tumbo lisipate mgeni siku hiyo.

Vidonge vya maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni usimeze kabla ya kukimbia. Kwenye joto, damu imekwenda kwenye ngozi na misuli, figo zina kazi ngumu, na dawa hizo huzibana zaidi.

12. Namba usichelewe

Jiandikishe mapema. Watanzania na watu wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, kiwango kilicho chini ya cha wageni wengine. Namba za kifuani huchukuliwa katika siku zilizotangazwa kabla ya Jumapili ya mbio, kwa hiyo usije uwanjani asubuhi ukidhani utapata dirisha limefunguliwa. Bandika namba kifuani kwa pini nne. Chipu ya kupimia muda, usiikunje wala kuifunika.

Usafiri ni tatizo lako kuliko la mtu wa mjini. Alfajiri ya Jumapili daladala za kutoka Chekereni si za kutegemea, na barabara kadhaa za mjini hufungwa kwa ajili ya mbio. Lala Moshi kwa ndugu, au mchangiane wakimbiaji wanne watano mkodi gari usiku wa Jumamosi. Bodaboda ya giza kabla ya mbio si mpango.

Paka mafuta ya mgando mapajani, makwapani, kwenye chuchu na kati ya vidole vya miguu. Wenye uzoefu wote hufanya hivyo.

13. Mwanzo wenye akili

Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, New Zealand, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Filbert Bayi alitoka mbele tangu mwanzo, akaongoza mita 1,500 nzima bila kumpa mtu nafasi, na kumaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Ilikuwa rekodi ya dunia. John Walker, aliyekuwa wa pili, naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani, na bado hakumfikia. Muda wa Bayi ulibaki kuwa rekodi ya michezo hiyo hadi mwaka 2022. Kwangu mimi hakuna mbio nzuri kuliko hizo alizowahi kukimbia Mtanzania yeyote.

Lakini zilikuwa dakika tatu na nusu kwenye uwanja tambarare, na mwenye miguu hiyo alikuwa Bayi. Wewe una saa mbili na Mweka mbele yako. Kilomita mbili za kwanza zikimbie kana kwamba unaona haya kuwahi. Kuna ngoma, kuna kelele, kuna kamera. Yote hayo yanakuongezea kasi bila wewe kujua. Ukijiona unapita watu wengi kabla ya kilomita ya tatu, rudi nyuma kidogo.

Jihadhari pia na msongamano. Mexico City, Oktoba 1968, John Stephen Akhwari alianguka katika kugombania nafasi, akaumia goti na bega. Dunia nzima inajua jinsi alivyochechemea hadi mwisho akiwa amefungwa bandeji, na tunajivunia. Wewe lakini usisubiri kupimwa kwa kipimo hicho: simama pembeni, si katikati ya kundi, acha wenye haraka watangulie, nafasi itafunguka yenyewe.

14. Ukigeuka kule juu, anza mbio

Hii ndiyo zawadi ya kujibana. Wengi wanaofika kileleni wamekwisha. Wewe uliyepanda kwa pumzi ya kiasi bado una kitu. Sasa anza kuhesabu migongo. Chagua mmoja, mfikie, pumua, chagua mwingine.

Na usiachie hadi mguu uvuke mstari. Boston, 1988, Juma Ikangaa wetu alishindwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja baada ya kilomita 42. Mwaka uliofuata alikwenda New York akashinda kwa saa 2:08:01, rekodi ya njia ile iliyodumu hadi 2001. Halafu Septemba 2025, Tokyo, Alphonce Simbu alikimbizana na Amanal Petros wa Ujerumani hadi hatua ya mwisho kabisa. Wote waliandikiwa saa 2:09:48, ikabidi picha iamue: Simbu mbele kwa sehemu tatu za mia za sekunde, dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Petros alikuwa mbele mita chache kabla ya mstari. Simbu alikuwa na subira ya kilomita 42 na mbio za mita mia, vyote siku moja.

Wewe hutashindania dhahabu ya dunia. Kuna mtu wa kijiji cha jirani mbele yako, inatosha.

15. Ukimaliza

Usikae chini hapo hapo. Tembea dakika kumi, kunywa taratibu, kula ndizi au chapati ndani ya saa moja. Vua soksi, kagua malengelenge, yaliyojaa maji yaache bila kutobolewa. Jumatatu tembea tu. Kushuka ngazi kutauma zaidi kuliko kupanda, na ifikapo Alhamisi maumivu yatakuwa yamepungua sana. Yakibaki mahali pamoja, yakiuma hata ukilala, nenda hospitali. Wiki moja kamili bila kukimbia, ya pili kwa kukimbia kidogo.

Wiki hiyohiyo chukua daftari uandike: ulianza kwa mwendo gani, ulitembea wapi, ulikunywa nini, tumbo lilikuwaje, raba zilibana upande upi, ulitumia saa ngapi kwenda na saa ngapi kurudi. Andika wakati bado unakumbuka. Jirani aliyekuona unarudi na medali ataanza kuuliza maswali kabla ya Ijumaa, na majibu atakayoyahitaji ni ya mtu aliyetoka Chekereni.